Picha Zisingoje Matanga

Mtu wa Kyela atakaye kuziona sura za waliokaa mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa karibu miaka mia moja au zaidi iliyopita hana budi kuzifuata ng'ambo. Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la Wajerumani aliyezunguka nchi hii katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, alipiga picha nyingi za watu na maskani yao, akazitoa pamoja na kitabu kikubwa kilichochapwa Berlin mwaka 1906. Wamisionari wa Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walizipeleka zao Herrnhut katika hifadhi ya kanisa lao. Na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliacha karatasi na picha ambazo leo zimo katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Wengi huieleza hali hii kwa neno moja, ukoloni, wala hawasemi uongo. Lakini ipo sababu nyingine isiyo na siasa ndani yake, nayo ni kwamba picha zile zilichapwa kwenye karatasi njema, zikaoshwa kwa dawa zilizopimwa, kisha zikatiwa mahali pakavu na watu waliojua kwamba watakufa kabla yake.

Sisi wa leo tuna picha nyingi kupita wote waliotutangulia, na karibu hatuna hata moja. Kijana aendaye gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, aweza kurudi na simu iliyojaa vyungu vya wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, na mitumbwi, na Milima ya Livingstone nyuma yake. Lakini simu hiyo ikizama ziwani au ikiibwa stendi, ndio mwisho wa vyungu na milima. Karatasi tunaikumbuka mara mbili tu: tunapodaiwa picha ya pasipoti ya kubandika kwenye fomu, na tunapofiwa.

Hili la pili ndilo liniumalo. Katika misiba mingi, kuanzia Ipinda hata Kyela mjini, nimeitazama picha ya marehemu iliyowekwa juu ya jeneza, na aghalabu asili yake ni moja: ilikatwa usiku uleule ndani ya picha ya harusi ya mtu mwingine, ikatumwa kwa WhatsApp na mpwa aliyeko Dar es Salaam, ikakuzwa mpaka nyusi zikageuka vijisanduku, na katika pembe ya kushoto limesalia bega la mtu aliye hai, lenye shati la kitenge, ambaye huenda ameketi palepale chini ya turubai akilitazama bega lake. Godfrey Wilson aliandika mwaka 1939 makala nzima juu ya desturi za maziko ya Wanyakyusa. Angalikuwapo leo, nadhani angaliongeza ukurasa mmoja juu ya bega hilo.

Rai yangu ni kwamba picha njema ya mtu ichapwe yu hai, aione, aikubali au aikatae. Na kuichapa vema si siri ya mafundi wa Ulaya, bali ni jambo lenye hesabu nyepesi. Picha itakayotazamwa mkononi hutaka nukta kama mia tatu kwa kila inchi moja ya karatasi, yaani ile ya inchi 4 kwa 6 hutaka nukta 1200 kwa 1800, na ya inchi 8 kwa 10 hutaka 2400 kwa 3000. Simu za leo, hata zisizo za fahari, aghalabu hulitosheleza hitaji hili. Kinachoiharibu picha ni safari, kwa kuwa WhatsApp huipunguza kila itumwapo kwa njia ya kawaida. Basi itumwe kama faili, au bora zaidi ichukuliwe kwenye flashi hadi kwa mchapaji.

Lililo zito ni mwanga. Kioo cha simu kina taa nyuma yake ilhali karatasi haina taa, hungoja hisani ya dirisha, na kwa hiyo picha iliyong'aa mkononi hutoka studio imefifia. Tena fikiri bibi wa Ngonga amekaa chini ya mwembe saa sita mchana na ziwa linameremeta nyuma yake: mashine ikiachiwa ijiamulie hupima mwanga wa picha nzima, ikadanganywa na mng'ao wa maji, ikautia uso gizani; na fundi mwenye haraka, akitaka kuuokoa, hubonyeza kitufe kimoja cha kung'arisha, hata bibi mweusi akatoka na rangi ambayo wajukuu wake hawaijui. Upotofu huu una nasaba. Kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Kodak ilizigawia maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ikawa ndiyo mizani ya ngozi zote ulimwenguni. Kadi zimeondoka, lakini mazoea ya kuuona weusi kuwa kosa la kusahihishwa yamebaki, na safari hii tunayaendeleza sisi wenyewe.

Dawa yake ni kipande cha kujaribia. Nilimwomba fundi mmoja anichapie kwanza kipande kidogo cha picha ya mama mmoja, akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, mashine ndivyo inavyotoa."

"Mwanangu, mashine haimjui mama huyu. Wewe unamwona."

Akacheka, akashusha mwanga wa shavu kidogo kidogo, akapandisha wa kitambaa cha kichwa, na karatasi iliyofuata ikaonyesha mikunjo ya paji la uso na weusi wa kweli wenye uhai ndani yake. Tukatoka nayo nje kuitazama kivulini, maana taa ya studio husifu kila kitu.

Juu ya wino nitasema machache. Printa nyingi za mitaani hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka, ambao ni rahisi na wapendeza siku ya kwanza, lakini huchoka upesi kwa jua na unyevu. Wino wa chembechembe, uitwao pigmenti, hustahimili zaidi, na karatasi ya maabara iangaziwayo na kuoshwa kwa dawa nayo hudumu ikitunzwa. Picha za rangi za miaka ya 1970 ambazo leo zimesalia wekundu mtupu zilipotewa na samawati yake iliyokuwa dhaifu, hali zile nyeusi na nyeupe, zilizoshikwa na chembe za fedha, bado zatutazama. Pale Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imeendelea kuuza picha za namna hiyo miaka mingi baada ya waliopigwa kutoweka.

Nastaajabu kwamba mtu wa Kyela, ambaye hunusa mchele na kujua mara moja kama umechanganywa na wa kwingine, na hakubali kabisa kuuziwa huo kwa jina la Kyela, huilipia picha mbovu bila ya kufungua kinywa.

Ikisha kuchapwa, adui ni hewa yetu wenyewe, kwa kuwa masika ya Kyela ni mazito na joto la bondeni halipumziki. Picha isigusane na kioo cha fremu, maana unyevu ukiingia itagandamana nacho na haitatoka salama. Kipande cha kadibodi safi kikae kati yao. Isitundikwe ukutani panapopigwa na jua, wala isiwekwe juu ya kabati karibu na bati. Nyuma yake yaandikwe kwa penseli laini jina, mahali na mwaka, kwani wino wa kalamu hupenya.

Najua nitajibiwa kwamba Mbeya, kwenye wachapaji wazuri, ni mbali na nauli haiokotwi. Kweli, lakini hakuna aliyesema zichapwe zote. Ukoo mmoja waweza kuchagua picha chache kwa mwaka, fedha za kakao au za mpunga zinapoingia, na kumtuma mmoja wao apitie Tukuyu na flashi moja kwa niaba ya nyumba zote, ambayo ni gharama ndogo mno mbele ya turubai, na chakula, na ile fremu kubwa inunuliwayo usiku kwa bei ya msiba. Na studio za hapahapa mjini zitajifunza siku wateja watakapoanza kurudisha kazi mbaya kaunta. Mimi ningeanza na wazee waliozaliwa kabla ya uhuru, ambao picha zao za ujana ni adimu: wapigwe asubuhi, kivulini, wamevaa nguo waliyoichagua wenyewe, na kipande cha kujaribia wapelekewe nyumbani, ili mwenye uso ndiye aseme kama ni wake kabla fundi hajalipwa.