Wamotari wanachanga, bariera zinakula

LUSANGI, Kabambare. — Familia ikikimbia vita na kufika Lusangi, mtu wa kwanza kuiona si wa serikali wala wa shirika. Ni mwamotari. Ndiye aliyeikuta njiani, mtoto mgongoni kwa mama, godoro limefungwa kwa kamba ya mpira nyuma ya kiti, sufuria zikigongana. Ndiye anayejua wametoka kijiji gani na nani amebaki nyuma. Na jioni, kofia inapozungushwa parkingini kwa ajili ya wageni hao, ni yeye tena anayetia faranga zake ndani.

Watu wanasifu, na ni vizuri wasifu. Lakini sifa hizo zimeanza kutumiwa vibaya. Mkubwa anayesimama mbele ya watu kupongeza "moyo wa vijana wetu", kisha akapanda gari lake na kwenda zake, hakusifu kitu. Amechukua mchango wa maskini na kufunika nao deni lake mwenyewe.

Huko Ulaya, Marekani na Australia kuna vilabu vya watu wa moto vinavyokusanya pesa kwa wagonjwa na wenye shida. Msafara mmoja unaojulikana sana ulianzishwa Sydney mwaka 2012 na Mark Hawwa: watu wanavaa suti na tai, wanapanda pikipiki zao za kizamani siku ya Jumapili, wanachangisha kwa ajili ya afya ya wanaume. Ni kazi njema. Ila mtu wa Sydney akiisha kuchanga, Jumatatu anarudi ofisini. Moto yake ni starehe. Moto ya mwamotari wa Kabambare ndiyo shamba lake, na mara nyingi si yake hata kidogo.

Jua likichomoza tayari ana deni, versema ya mwenye moto. Esanse anainunua kwa chupa kando ya njia, kwa bei iliyobeba matope yote iliyoyapita hadi kufika hapa. Mnyororo unakatika, tairi inapasuka, mgongo unauma. Jeto ya leo. Bariera ya kwanza, ya pili, na ile kamba iliyofungwa jana kati ya miti miwili na watu ambao hakuna anayejua waliwekwa na nani. Kinachobaki ndicho cha bukari na sombe ya watoto. Anachotia ndani ya kofia kinatoka katika hicho kilichobaki.

Njia hii ya Kasongo na Kabambare ni ya zamani. Misafara ya akina Tippu Tip ilipita humu na pembe za ndovu na watumwa kuelekea Ujiji na pwani, na katika safari hizo kulikuwa na malipo yaliyoitwa hongo, ya kuwapa wenye nchi ili msafara upite. Zaidi ya miaka 130 imepita. Pembe zimekwisha, biashara ya watumwa imekufa, hongo imebaki, imebadilisha nguo tu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa hesabu ya bariera 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Maniema haikuwa ndani ya hesabu ile, lakini kila mwamotari anaijua hesabu ya njia yake kwa kichwa.

Na bariera haiulizi moto imebeba nini. Mfanyabiashara wa mafuta ya mawese analipa, na mama anayekimbia na mbuzi mmoja analipa. Kwa hiyo faranga inayotolewa parkingini kwa ajili ya mama huyo imekwisha kunyang'anywa njiani, kwake na kwa aliyembeba. Huo ni mzunguko wa ajabu: maskini wawili wanalipishwa, kisha mmoja wao anaombwa amsaidie mwenzake.

Nani anapaswa kubeba mzigo huu? Jibu limeandikwa. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Kampala, tarehe 23 mwezi wa kumi 2009, kwamba wajibu wa kwanza wa kulinda na kusaidia watu waliohamishwa ndani ya nchi yao ni wa serikali. Mashirika yanakuja nyuma yake. Mwamotari hayumo kabisa. Wala isisemwe kwamba teritware hii ni fukara. Huko Salamabila, ndani ya Kabambare hii hii, kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro ya Canada iliichimba kwa mashine kubwa hadi 2019, iliposimamisha kazi kwa sababu ya mashambulizi. Wanakijiji nao walikimbia. Dhahabu ilipimwa kwa gramu na ikaondoka na karatasi zake. Watu waliondoka kwa miguu.

Lakini wamotari nao wasicheke mapema. Risasi zikilia, nauli inapanda. Wapo wanaotetea jambo hilo: njia ni ya hatari, moto inaweza kunyang'anywa, mwenye moto hatasikia habari ya vita atakapodai pesa yake. Hatari ni ya kweli, na hakuna anayemtaka kijana afe bure. Kinachochukiza ni bei inayotajwa baada ya kutazama uso wa mama na kupima hofu yake. Mtu anayemtoza mara mbili asubuhi, kisha jioni akamrudishia noti ya faranga 500 ndani ya kofia mbele ya watu, hajatoa mchango. Amerudisha chenji. Chama kinachotaka kuitwa cha msaada kianze hapo: nauli ya siku za vita ipangwe siku za amani, wamotari wote wakiwa wamekaa pamoja, iandikwe ubaoni parkingini, na atakayeivuka asipakie watu pale.

Kofia yenyewe nayo ina maswali. Vyama vya wamotari vinajua kutunza pesa. Kila mwenye kucheza likelemba anajua zamu ikikosewa hata mara moja, urafiki umekwisha. Kwa nini basi pesa ya wakimbizi iwe na daftari legevu kuliko pesa ya likelemba? Jumla isomwe kwa sauti msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili na redioni, pamoja na kilichonunuliwa. Kati ya wanaoshika sanduku awemo mama mmoja wa hao waliokimbia, maana yeye ndiye anayejua kama nyumbani kunakosekana chumvi, dawa au jembe. Wakati wa kuchoma mashamba ukifika, jembe na mbegu za mpunga zinafaa kuliko kilo mbili za unga. Na simu zibaki mfukoni. Mzee aliyekuwa na ng'ombe, au shamba la michikichi, hakukimbia ili apigwe picha akipokea sabuni.

Kuna kundi jingine ambalo hakuna msafara wa moto uliowahi kulipigia honi. Ni wenyeji waliofungua milango. Wengi wa waliokimbia hawako kambini, wako ndani ya nyumba za watu, na nyumba iliyokuwa ya watu saba sasa ni ya watu kumi na watano, na sufuria ni ile ile. Mchango unaogawiwa kwa orodha ya wakimbizi tu, bila mwenye nyumba, unaleta ugomvi jikoni kabla ya wiki kwisha. Yeyote aliyewahi kupokea ndugu wa upande wa mke kwa miezi mitatu anaelewa bila kufundishwa.

Watasema wengine kwamba maneno haya yatawavunja vijana moyo, kwamba kidogo ni bora kuliko sifuri. Kidogo ni bora, ndiyo, kwa anayekipokea usiku huu. Wamotari waendelee. Lakini kidogo hicho kisihesabiwe kama kazi ya serikali iliyokwisha kufanyika, na kisiandikwe katika ripoti ya mtu ambaye hakutia hata faranga moja.

Lipo jambo linaloweza kufanywa kesho, bila bajeti, bila mfadhili, bila semina ya siku tatu Kindu. Moto iliyobeba mgonjwa, mama mwenye mimba au familia inayokimbia ipite kila bariera bila kulipa. Inatosha karatasi moja yenye sahihi ya Administrateur wa teritware na muhuri wake, nakala ibandikwe kwenye kila mti wa bariera kutoka Kasongo hadi Lusangi na hadi Salamabila, na anayeipuuza ajibu mbele ya wakubwa wake. Karatasi hiyo ikishabandikwa, wakubwa warudi parkingini na pongezi zao.