Fundi, Mwenye Gari na Ahadi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), leo twapenda kuzungumza nanyi, wazazi na vijana, juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona si la dini: kufufua gari kuukuu. Lakini penye fedha na ahadi baina ya watu wawili, dini ipo.

Wako watu Marekani wanaotumia miaka mingi kuyafufua magari yenye nguvu ya miaka ya 1960, kama vile Pontiac GTO. Kwetu sisi wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, gari la kupendwa namna hiyo ni Land Rover. Ndiyo iliyopanda njia za matope za Machame, Kibosho na Marangu, na hata leo haikosi kuonekana moja imelala kihambani chini ya migomba. Kijana akitaka kulirudisha barabarani gari aliloliacha baba yake, na warithi wenziwe wakaridhia, twamwombea kheri.

Ila gari hili lina siri. Lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani mifupa inayobeba gari zima, ni ya chuma. Basi gari huweza kukaa miaka 30 katika unyevu wa mlimani, bodi ikawa nzima ya kupendeza, kumbe huko chini matope yaliyogandama yamekwisha iozesha chesisi. Fundi hugonga kwa nyundo, nyundo ikazama. Hapo ndipo kazi ya mwezi inapogeuka kuwa kazi ya mwaka, na akiba ya nyumba nzima ikaingia shakani.

Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kuwa ilinyeshewa. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona; kisha akajitenga na mwenye kudanganya. Je, lundo lile na gari lililopakwa rangi mpya juu ya chesisi iliyooza, lipi tofauti?

Fundi naye apime kuchelewa kwake. Spea ya gari la miaka ya 1950 haipatikani katika kila duka. Hutafutwa Arusha, Nairobi, pengine Uingereza. Ikikawia njiani, huo ni udhuru, na imempasa mwenye gari asubiri pasipo kumvunjia fundi heshima. Lakini fundi aliyepokea fedha za springi, akazitumia kumalizia gari la mtu mwingine, kisha kila Ijumaa akajibu, "Kesho, Inshallah," huyo amefanya khiyana. Neno hilo tukufu halikuwekwa liwe kifuniko cha uongo.

Dawa yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 282, tunapoamrishwa kuandika deni lenye muda na kuweka mashahidi. Tulifuate funzo hilo hata gereji. Kabla ya boliti moja kufunguliwa, gari likaguliwe chini, na iandikwe kazi, bei na muda wa kila hatua. Likizuka lisilotazamiwa, fundi asimamishe kazi, amwite mwenye gari, amwonyeshe kwa macho yake, wakubaliane upya. Na mwenye gari, hata akiamua kuishia hapo, ailipe kazi iliyokwisha fanywa. Wala asimshuku fundi kwa kutu aliyoikuta, kwani hakuileta yeye.

Twasema haya kwa kuwa wapo jamaa wanaosali safu moja, na wakitoka msikitini hawasalimiani kwa ajili ya gari lililolala gereji. Gari likishindikana huuzwa vyuma chakavu, mambo yakaisha. Udugu ukivunjika, spea yake haiuzwi Nairobi wala Uingereza. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza ahadi zetu. Amin.