Siri ya Mgonjwa si Mali ya Tajiri

Ndugu wafanya kazi wa Kangeta,

Tangu Desemba 2014 Serikali ya Kenya hutoa methadoni kwa wanaotaka kuachana na heroini, kwanza Mathari, Nairobi, kisha Malindi na kwingineko. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Basi mfanya kazi atatokaje kila asubuhi nyapara asimwulize aendako? Nasi wa soko la miraa, ambako habari hutangulia gari, twajua jina la mtu huharibikaje. Sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Twataka matajiri wakubali cheti cha daktari kisichotaja ugonjwa wala dawa. Karani aandike saa ya kutoka na saa ya kurudi, basi.