Uwanja Wenye Kufuli

Ufunguo wa uwanja wa kaka yangu ninao mimi. Nianze na hilo, kwa sababu haya ninayoyasema yananihusu mimi kabla hayajamhusu yeye. Alituma pesa kutoka Nairobi, nami ndiye niliyepokea malori hapa Sigor, nikahesabu safari za kokoto, nikawapa mafundi chai, nikasaini. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayelalamika kutoka mbali.

Pale palikuwa na robo ekari ya nyasi kando ya boma letu. Asubuhi ng'ombe walikula, jioni vijana wakacheza voliboli. Nguzo mbili za mkalitusi, wavu uliorekebishwa kwa kamba za magunia, mistari ya jivu la jikoni. Hakuna aliyewahi kuomba ruhusa. Ukisikia mpira unapigwa, unakuja. Ukikuta timu zimejaa, unakaa chini mpaka wengine wafungwe. Wachuna chai waliokuja likizo, wanafunzi, jamaa wa boda ambaye ameegesha akingoja abiria. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akiruka mpaka wanaume wazima wanagombania kuwa upande wake.

Mafundi walikwangua udongo wote wa juu. Wakamwaga kokoto, halafu vumbi la kokoto, wakashindilia kwa mashine, wakakunjua mkeka kama wa sebuleni, wakagundisha viungo, wakamalizia kwa mchanga na chembe za matairi yaliyosagwa. Taa za sola. Ua wa waya wa mita nne. Geti. Kufuli. Kogo, nyanya yetu, aliuzunguka mara moja na fimbo yake, akauliza, "Na ng'ombe watakula nini hapa?" Tukacheka sana. Leo sioni tulichokuwa tunachekea.

Najua mtakachosema nyinyi wa Nairobi, ambao mmezoea kuchangishana kulipia uwanja kwa saa na kucheza usiku chini ya taa. Maze, si haya ni maendeleo? Mvua ya huku kwetu inajulikana, na nyasi bandia hazina tope. Sawa. Sina ugomvi na plastiki kwa sababu tu ni plastiki. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye aliyeipa Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964, akikimbia juu ya chenga za makaa. Mwaka 1968 huko Mexico City, Olimpiki ya kwanza kukimbiwa juu ya njia ya sintetiki, akachukua fedha katika mbio zilezile. Miguu yake haikuuliza chini kumetandikwa nini.

Lakini angalia hoki. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Juu ya nyasi. Kisha Olimpiki ya Montreal 1976 ikachezwa juu ya nyasi bandia, na mchezo mzima ukahamia huko. India yenyewe, iliyokuwa imeshabeba dhahabu saba, Montreal ilimaliza ya saba. Sisi hatujaikaribia tena ile nafasi ya nne. Sababu ni nyingi, sikatai. Mojawapo ni kwamba mchezo uliokuwa ukitosheka na kiwanja cha shule ulianza kudai mkeka ambao shule haina pesa za kuununua.

Ndicho kilichotokea katika robo ekari yetu, kwa udogo wake. Kaka huja Pasaka, Agosti na Desemba. Watoto wake hucheza kidogo, kisha hurudi kwenye simu. Watoto wa jirani hushika waya na kutazama. Siku nyingine zote uwanja ni mtupu, umesafishwa, unameta, na jua likiwaka unachoma nyayo kwa namna ambayo nyasi hazijawahi kuchoma mtu. Voliboli imehamia barabarani, kwenye maram. Boda ikija, mchezo unasimama. Yule msichana nilimkuta huko wiki iliyopita. Alinisalimia kwa adabu, chamgei, hakuniuliza kitu. Afadhali angenitukana.

Na sisi Wakipsigis tulipaswa kuona haya mapema kuliko wengine. Tunajua ua ni nini. Kampuni za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920 na watu wakaondolewa kwenye ardhi yao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamishia Talai Gwassi, mbali kabisa. Mpaka leo tunadai. Halafu mjukuu wa watu haohao anapata pesa, tena halali, na kitu cha kwanza anachonunua ni waya.

Kuna na zile chembe nyeusi. Mvua kubwa ikinyesha naziona kwenye mtaro, zikiteremka. Mito yetu ya Bomet, Nyangores na Amala, ndiyo inayozaa Mara. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia 2031 chembe za aina hiyo zisiuzwe tena kwa ajili ya viwanja. Wao wanaziaga, sisi ndio kwanza tunakunjua mkeka.

"Shamba ni langu," aliniandikia kaka nilipomgusia. Ni lake, hati anayo. Lakini nyasi zile zilikuwa za baba kabla yake, na baba hakuwahi kumwambia mtu yeyote atoke. Nikamwambia basi tuache geti wazi jioni. Akajibu kwa neno moja: "Wataharibu." Jamani, mkeka huo utaharibiwa na jua hata asipoukanyaga mtu. Miaka kumi hivi umechakaa, umekunjwa, unatafutiwa pa kutupwa. Kama lazima uchakae, uchakazwe na watu.

Jumamosi hii nafungua saa kumi jioni. Msichana yule nimemtumia ujumbe kupitia kwa mama yake. Kaka akitaka ufunguo wake aje auchukue mwenyewe, na aje na viatu, maana upande mmoja bado tumepungukiwa na mtu.