Maskati: Nyumba ya Ufukweni au Jirani Mwema?

Juma lililopita binti wa dada yangu alinijia barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, karatasi mkononi. Mumewe amepata kazi Maskati, naye yuamfuata pamoja na watoto watatu, mkubwa miaka kumi na mmoja na mdogo miaka minne. Karatasini alikuwa ameandika majina ya mitaa: Qurum, Azaiba, Seeb, Matrah, Ruwi. "Mjomba," akaniambia, "wewe umefika kule. Nichagulie mtaa wa ufukweni. Watoto hawa wamezaliwa na bahari mlangoni, sitaki waikose."

Nilimjibu kwa mdomo, lakini kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu zina swali kama hilo, naona ni wajibu nililete hapa ukurasani.

Njia ya Maskati si ngeni kwetu. Mababu waliipita kwa majahazi, wakija na kaskazi na kurudi na kusi. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, wenye asili ya Omani wengi walirejea huko, na walizidi kurejea tangu Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka wa 1970, kwani nchi ilihitaji watu waliosoma. Ndiyo sababu hata leo waweza kuingia dukani Maskati ukauliza bei kwa Kiarabu cha chuoni, ukajibiwa kwa Kiswahili safi cha Unguja.

Lakini hapo ndipo watu wetu hujidanganya. Wale walirejea, wakawa raia. Hawa wetu waenda kwa mkataba. Ruhusa ya mke na watoto kukaa nchini hufuata kazi ya mume, na serikali ya Omani kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa raia wake nafasi zilizokuwa za wageni, jambo ambalo ni haki yao. Ni kweli kwamba tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya kumwomba yule wa kwanza ruhusa. Hata hivyo, kazi ikisha, nyumba nayo yasha. Basi mtu wa namna hiyo asijifunge kwa kodi kubwa ati kwa sababu dirisha latazama maji.

Sasa tuitazame bahari yenyewe. Maskati ni mji mrefu uliobanwa baina ya majabali na maji, na mitaa yake imejipanga kandokando ya pwani kama shanga. Matrah ina bandari na soko la kale, na mtu wa Mombasa akifika hapo moyo hutulia, ila nafasi ni finyu. Ruwi ni mtaa wa biashara. Qurum na Azaiba zina fukwe nzuri, na kodi zake ni za wenye mishahara mikubwa. Seeb, karibu na uwanja wa ndege, ungali na wavuvi wake na soko lake.

Mtu wa Lamu akisikia jina la Qurum na atege sikio. Qurum ni ile miti tuiitayo michu, nayo ipo hadi leo, imehifadhiwa. Nasi twajua michu humea wapi: humea pale maji ya bara yakutanapo na ya bahari. Kule mito ni mikavu karibu mwaka mzima, wenyewe huiita wadi, lakini mvua ikinyesha majabalini hushuka kwa ghadhabu. Juni 2007 tufani ya Gonu iliujaza mtaa huo maji, na watu walipoteza roho zao nchini. Oktoba 2021 tufani ya Shaheen ilipiga pwani iliyo magharibi ya mji. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bahari iko umbali gani, uliza wadi yapita wapi.

Tena kuna joto. Toka Mei hadi Septemba joto huweza kupita digrii 40, na mtoto hatoki kucheza ila alfajiri na baada ya Alasiri. Bahari utakuwa nayo saa mbili kwa siku, na shule utakuwa nayo kila siku. Shule za serikali husomesha kwa Kiarabu. Wageni wengi hupeleka watoto katika shule za kulipia, za mtaala wa Kiingereza au wa Kihindi, nayo miaka yao ya masomo haianzi Januari kama yetu. Basi tafuta shule kwanza, kisha nyumba iliyo karibu nayo, usije ukamwamsha mtoto gizani kwa ajili ya safari ya basi.

Mwaka wa 2018 nilikuwa mgeni wa jamaa zangu Seeb. Nyumba yao haikuwa ufukweni, bali mwendo wa robo saa kwa miguu. Kila jioni watoto wa njia nzima waliteremka pamoja na mpira, Mwomani, Mhindi na mtoto wetu, na mama mmoja au wawili nyuma yao. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini imamu wa pale hasomi kunuti Alfajiri, na kwa nini watu huteremsha mikono. Nikamweleza kwamba hao ni Ibadhi na sisi ni Shafii, na kibla ni kimoja. Mzee jirani alisikia, akacheka, akatuletea halua. Somo hilo halipatikani katika nyumba yenye ukuta mrefu.

Nasema hivi kwa uchungu. Ndugu yangu mkubwa alihamia Ghuba zamani, akachagua nyumba nzuri mbele ya maji, mbali na kila amjuaye. Wanawe leo wakija Mombasa twasalimiana kwa tabasamu na ishara, kwani Kiswahili kimewatoka. Bahari waliiona kila siku, lakini haikuwafundisha neno.

Waarabu husema, jirani kabla ya nyumba. Binti yangu alinyamaza, kisha akafuta majina manne karatasini, akabakisha Seeb, akaandika pembeni: "shule, msikiti, wadi, majirani wa Kiswahili". Bahari akaiweka mwisho, wala hakuifuta. Nami sikumwambia aifute. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na siku watakaporejea, inshallah, nataka watoto wale wateremke ngazi za Forodhani wakijua kuita kila samaki kwa jina lake.