Dende jikoni: nyama ambayo mporaji haoni

Mu Walungu na Kabare, tangu vita vya 1996, wenye silaha wakipita, ng'ombe na mbuzi ndizo zinabebwa kwanza. Dende, ile kobayi, inabakia nyuma ya mafiga. Mama akikimbia, anaitia ndani ya kitunga. Ndiyo maana familia nyingi zinaishikilia. Inakula majani na maganda, jike anabeba mimba karibu siku 68, anazaa watoto wawili mpaka wanne. Shida ni kundi kudumaa: dume moja, mwaka hadi mwaka, anapanda binti zake mwenyewe, watoto wanatoka wadogo na kufa. Kubadilishana dume na jirani hakuombi hata franga moja. Ila mtu aliyeporwa mara mbili hapendi jirani ajue kile kiko jikoni.