Kamera ndogo za kuvuta mbali zimerudi: ipi inamwona tembo saa kumi na mbili jioni?

Kamera ndogo za dijitali, zile ambazo lenzi yake haibanduki, zilikuwa zimeshaandaliwa kaburi. Mwaka 2008 zilisafirishwa duniani zaidi ya milioni 100. Kufikia mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 2. Aliyezimaliza tunamjua sote, maana yuko mfukoni mwako unaposoma haya.

Sasa zinarudi madukani, hasa zile zinazovuta mbali. Katikati ya mwaka 2024 Panasonic ilitoa FZ82D, na mapema mwaka 2025 ikafuatia TZ99. Februari 2025 Nikon ikatangaza Coolpix P1100. Ukizitazama kwa karibu, utaona ni sura zilezile zilizonyolewa upya. P1100 inatumia lenzi ya P1000, kamera iliyotangazwa mwaka 2018, na kinachoonekana haraka kuwa kipya ni tundu la kuchajia la USB-C. Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha tundu hilo kwa kamera na simu tarehe 28 Desemba 2024, na ni vigumu kutoona uhusiano. TZ99 hata imepoteza kitu: kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, ambacho mtangulizi wake TZ95 alikuwa nacho. Kwa mtu anayepiga picha chini ya jua letu la saa saba mchana, wakati kioo cha nyuma hakionekani kabisa, hiyo si hasara ndogo.

Habari hii inatuhusu kwa sababu ya ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu cha jioni kutoka vijiji vinavyopakana na hifadhi. Swali ni moja, linaulizwa kwa namna nyingi: kikundi kimechanga fedha, kinataka kamera ya kupiga picha za tembo wanaoingia mashambani, kinunue ipi? Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyama wakali. Hatusemi picha peke yake inamaliza kazi ya tathmini. Lakini mwenye shamba anayetaka kuonyesha kilichotokea, akiwa na simu tu, inabidi asogee. Na kumsogelea tembo gizani ili picha itoke vizuri ni njia ya haraka ya kuhama kutoka kwenye kifuta jasho kwenda kwenye kifuta machozi.

Kwa hiyo kamera inayovuta mbali ina kazi ya kweli hapa. Shida ni kwamba namba zinazoandikwa kwenye boksi hazisemi unachotaka kujua.

Mara 125 ni nyingi kuliko tembo

P1000 na P1100 zinavuta mara 125. Kwa lugha ya wapiga picha, lenzi yao inaanzia milimita 24 na kufika milimita 3000. Nikon P900 ya mwaka 2015, ambayo bado inapatikana kwa mtumba, inavuta mara 83, hadi milimita 2000. Canon SX70 HS ya mwaka 2018 inafika 1365. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 inaishia 600 tu, na ndiyo ghali kuliko zote: ilipotoka iliuzwa dola 1,700 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni 4, kabla hujahesabu kodi na usafiri. P1000 ilitoka kwa dola 1,000, SX70 kwa dola 550.

Mtu anayesoma boksi atasema Sony ni wizi. Tufanye hesabu ya shambani kwanza.

Simama mita 100 kutoka kwa mnyama. Kwenye milimita 600, upana wa picha yako ni mita 6. Tembo mzima anaenea humo, kuanzia mkonga hadi mkia. Kwenye milimita 2000 upana ni mita 1.8. Kwenye 3000 ni mita 1.2, yaani unapata sikio la tembo na kipande cha bega. Rudi nyuma hadi mita 300 na ile ya 600 inakupa upana wa mita 18, kundi dogo pamoja na mahindi wanayokanyaga. Ushahidi unahitaji mahindi yaonekane. Picha ya jicho la tembo inapendeza ukutani, ila haionyeshi shamba ni la nani.

Kwa ndege ni kinyume. Anayetembeza wageni wa kuangalia ndege, na wapo vijana wengi sasa wanaofanya kazi hiyo, atafurahia P900 kuliko Sony mchana kweupe. Kwa mnyama wa ukubwa wa tai aliye juu ya mti wa mbali, milimita 600 zinakuacha na kidoa katikati ya picha.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya kampuni zote huliruka. Umbali unavutwa na lenzi, lakini mwanga unaingia kupitia upana wa tundu lake. Ukivuta P900 hadi mwisho, tundu lina upana wa kama sentimita 5 na nusu. Ukivuta RX10 IV hadi mwisho, nalo ni sentimita 5 na nusu. Kwa mnyama yuleyule aliye mbali, kamera zote mbili zinakusanya mwanga sawa. Tofauti ni jinsi zinavyoutumia. P900 inautandaza kwenye picha nzima ya pikseli milioni 16, hivyo kukiwa na jua unapata undani zaidi. Ukikata picha ya Sony ili ilingane na ya Nikon, kati ya pikseli zake milioni 20 zinabaki chini kidogo ya milioni 2.

Pikseli milioni 2 zinasikika chache. Lakini jiulize picha inaenda wapi. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu yenyewe inaipunguza mpaka karibu na kiwango hicho. Mwenyekiti wa kijiji akiitazama kwenye simu yake hataona tofauti. Ukitaka kuichapisha kwenye karatasi ya A4, hapo ataiona. (Picha ya ushahidi itume kama dokumenti, si kama picha, ndipo ifike bila kupunguzwa.)

Mnyama akiwa karibu zaidi, hesabu inageuka. Ndani ya kila kamera kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Kwenye Nikon hizi, Canon SX70 na Panasonic FZ82D, kihisi kina upana wa milimita 6 hivi, kama punje ya maharage. Kwenye RX10 IV na Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014, upana ni milimita 13, na eneo lake ni mara nne. Jua likizama, kihisi kidogo kinalazimika kupaza sauti ya mwanga hafifu, na hapo ndipo zinapoingia zile chengachenga mnazozikumbuka kwenye televisheni za antena. Manyoya yanageuka kama rangi ya maji. Tembo wa kijivu kwenye vichaka vya kijivu anapotea. Na sote tunajua tembo hawaji shambani saa sita mchana.

Redio ya kuzungusha na redio ya namba

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kinachozitenganisha kamera hizi zaidi ni otofokasi, uwezo wa kamera kujua yenyewe iweke ukali wa picha wapi.

Nyingi kati yake, zikiwemo P900, P1000 na SX70, hutumia njia ya kulinganisha utofauti wa mwanga na kivuli. Wanaokumbuka redio za kuzungusha kitufe wataielewa mara moja. Unazungusha, sauti inakuja, inakuwa safi, unaipita kidogo, inaanza kukwaruza, ndipo unajua ulipaswa kusimama nyuma. Unarudi. Kamera hufanya hivyohivyo: inasogeza vioo vya lenzi mbele, inaona picha inazidi kuwa kali, inapita kilele, inarudi. Mnyama akiwa ametulia na mwanga upo, njia hii ni sahihi sana. Mnyama akitembea, kila kamera inaporudi yeye ameshasogea. Jioni ikiingia, utofauti wa mwanga na kivuli unakufa, na kamera haina cha kulinganisha. Utasikia lenzi ikienda mbele na nyuma kama mtu anayetafuta stesheni usiku wa mvua, na picha haipigwi.

RX10 IV ina njia ya pili juu ya hiyo. Kwenye kihisi chake kuna vituo 315 vinavyotazama mwanga kutoka pande mbili za lenzi, kama macho mawili. Kwa tofauti ya pande hizo kamera inajua mara moja isogeze vioo kwenda upande upi, na kwa kiasi gani. Hiyo ni redio ya namba: unaandika masafa, inafika. Sony wenyewe wanadai sekunde 0.03. Hata ukiipunguza namba ya mwenye duka, mwenendo wake ni tofauti kabisa: kamera inaweza kupiga picha 24 kwa sekunde huku ikimfuata mnyama anayekimbia, na kuendelea hadi picha 249. P900 na P1000 hupiga 7 kwa sekunde, zikifika 7 zinasimama kuhifadhi, na wakati huo tembo anavuka barabara.

Angalizo kwa wanaotafuta mtumba: RX10 III ya mwaka 2016 ina lenzi ileile ya IV na inafanana nayo kama pacha, lakini haina vile vituo 315. Muuzaji anaweza asijue, au akajua vizuri sana. Soma jina lililoandikwa kwenye mwili wa kamera. FZ1000 iko katikati. Panasonic waliongeza ujanja wa kukadiria umbali kwa kulinganisha picha mbili zenye ukungu tofauti, na kwa mwendo wa kawaida inaridhisha. Inaishia milimita 400, ambayo kwa mita 100 ni upana wa mita 9. Kwa kikundi chenye bajeti ya kawaida tungeitafuta hiyo kabla ya P1000, tukijua wengi watatucheka kwa kuacha mara 125 tukachukua mara 16.

Na mwenye P900 tayari asiiuze. Kwenye ubavu wa lenzi ina kitufe kinachorudisha mwonekano nyuma kwa muda, ukimpoteza mnyama umwone tena alipo, kisha ukikiachia inavuta palepale. Iegemeze kwenye gogo au mfuko wa mchanga, fika mapema kabla jua halijazama, na mchana mkali usivute hadi mwisho: hewa ya moto inacheza kama mazigazi na hakuna lenzi inayoweza kuituliza.

Vipi simu zinazovuta mara 100?

Swali hili halikosi. Samsung walianza kutangaza mara 100 kwenye Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020. Sehemu kubwa ya mara hizo si ya lenzi. Simu inakata picha na kuipanua, kisha programu inajaza. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit alifanya jaribio rahisi. Aliharibu kwa makusudi picha ya mwezi hadi ikawa ukungu, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo hayakuwepo kwenye picha aliyoipiga. Samsung walieleza kwamba programu yao hutumia akili bandia kuutambua mwezi na kuboresha undani wake.

Kwa picha ya mwezi hakuna aliyeumia. Kwa picha ya shamba la mtu, au ya alama kwenye sikio la tembo msumbufu, ni jambo lingine. Kamera tulizozitaja hapa nazo husafisha chengachenga na kunoa kingo, lakini hazichori kisichokuwepo. P1000, P950, SX70, RX10 na FZ1000 pia zinaweza kuhifadhi faili ghafi, yaani mwanga kama kihisi kilivyoupokea, P900 haiwezi. Kikundi kinachotaka picha zake zisipingwe kiwashe uwezo huo, kinunue na kadi kubwa.

Mkienda kuitazama ya mtumba, msiridhike na muuzaji kuwaonyesha mlango wa duka lake. Vuteni hadi mwisho, mpige kitu kinachotembea mtaa wa pili. Kisha elekezeni kamera kwenye mawingu meupe, mpige bila kuvuta na kwa kuvuta, mzikuze picha hizo kwenye kioo. Kidoa cheusi kinachokaa palepale kwenye kila picha ni vumbi lililoingia hadi kwenye kihisi, na kwa kamera ambayo lenzi haibanduki, kulitoa ni kuifungua yote. Nendeni jioni, kama muuzaji atakubali.